Niliacha kujiandaa na GRE katikati. Nianze upya au niendelee nilipoishia?

Mpendwa Mshauri,

Nilianza kujiandaa na mtihani wa GRE mwanzoni mwa 2023, nikiwa na nia ya kuomba nafasi ya shahada ya uzamili. Nilisoma kwa miezi minne hivi, nikajaza madaftari mawili ya hesabu na nikatengeneza kadi za maneno 900 kwenye programu ya simu. Jaribio moja zima nililofanya kwenye kompyuta lilinipa 158 upande wa hesabu na 151 upande wa lugha. Kisha zamu zangu za kazi zikabadilika. Nikakosa wiki moja, ikawa ya pili, na tangu hapo sijafungua kitabu.

Sasa nataka kurudi. Maombi ninayolenga yanafungwa baada ya wiki 18. Nina saa moja na nusu kwa jioni nne za katikati ya wiki, na Jumamosi napata saa nne. Nahitaji angalau 163 ya hesabu na 155 ya lugha.

Juzi nilifungua daftari langu nikakuta swali la vipeo nililolitatua mwenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na mstari wa pili sikuuelewa. Programu nayo inasema kadi zote 900 zimepitwa na tarehe ya kurudiwa. Nirudi ukurasa wa kwanza? Niendelee na jiometri, sura niliyoishia? Na jaribio zima nilifanye sasa hivi nijue niko wapi, au nisome kwanza? Kusema kweli, naogopa kuona alama zimeporomoka.

Niliyeishia Sura ya Jiometri

*

Ndugu yangu,

Usirudi ukurasa wa kwanza, na usiendelee na jiometri. Njia zote mbili zinachukulia kwamba ulichosahau umekisahau kwa kufuata mpangilio wa sura za kitabu, na kumbukumbu haifanyi kazi hivyo. Mtu akikaa muda mrefu bila kusoma, kasi ndiyo hutangulia kuondoka. Kanuni na maneno ya kukariri hufuata. Uelewa wa msingi, kwa mfano kujua kwa nini bei ikipanda kwa asilimia 20 kisha ikashuka kwa asilimia 20 hairudi pale ilipokuwa, hudumu kuliko unavyodhani ukiwa umelikodolea macho daftari. Ukianza mwanzo, wiki nne nzima zitaishia kwenye mambo unayoyajua, na utafika kwenye udhaifu wako ukiwa umechoka. Ukiendelea ulipoishia, utajenga jiometri juu ya aljebra iliyolegea.

Lile swali la vipeo lisikutishe. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, alikuwa akikariri orodha za silabi zisizo na maana, anaziacha muda upite, halafu anazikariri tena. Muda aliookoa mara ya pili ndio ulikuwa kipimo chake cha kilichobaki kichwani, na alikuta kwamba hata kitu kinachoonekana kimefutika hurudi kwa jasho kidogo kuliko la mara ya kwanza. Hicho ndicho kitakachokutokea kwenye mada nyingi. Kazi ni kuzitambua zile chache ambazo hazitarudi kirahisi, na saa zako uzipeleke huko.

Kabla ya hayo yote, kuna jambo barua yako haikuligusa: mtihani uliokuwa ukijiandaa nao haupo tena. Mwezi Septemba 2023 ETS, taasisi inayotunga GRE, iliufupisha. Ule wa zamani ulichukua karibu saa tatu na dakika 45. Wa sasa ni saa moja na dakika 58. Insha zilikuwa mbili. Imebaki moja, ile ya kutoa msimamo wako juu ya hoja ya jumla, kwa dakika 30. Ile ya kuchambua hoja ya mtu mwingine imeondolewa, kwa hiyo sura yake kwenye kitabu chako iruke bila majuto. Sehemu ya majaribio isiyohesabiwa alama nayo imeondoka, pamoja na mapumziko ya dakika kumi katikati. Upande wa lugha sasa una sehemu mbili: maswali 12 kwa dakika 18, na maswali 15 kwa dakika 23. Hesabu vilevile: maswali 12 kwa dakika 21, na 15 kwa dakika 26. Alama hazikubadilika, bado ni 130 hadi 170 kila upande.

Gawanya dakika kwa maswali utaona kitu cha kukutuliza. Swali la hesabu bado lina wastani wa dakika moja na sekunde 45, na la lugha dakika moja na nusu, karibu sawasawa na zamani. Aina za maswali ni zilezile. Kwa hiyo kitabu chako cha zamani hakijafa. Yale mazoezi yake ya maswali 20 yakate yawe 12 au 15 na uweke muda mpya. Kilichobadilika ni uzito. Zamani upande mmoja ulikuwa na maswali 40 yanayohesabiwa, sasa ni 27, hivyo uzembe kwenye swali rahisi unaumiza zaidi. Na kwa kuwa ugumu wa sehemu ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza, maswali 12 ya mwanzo yanastahili utulivu wako wote.

Sasa tarehe, na hapa tunahesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Matokeo rasmi hutoka siku 8 hadi 10 baada ya mtihani. Ukitaka kurudia, lazima zipite siku 21, na huruhusiwi zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12. Ukifanya mtihani mwishoni mwa wiki ya 12, unaweza kurudia mwishoni mwa wiki ya 15, na matokeo yakawa mkononi katikati ya wiki ya 17. Maombi yanafungwa wiki ya 18. Inatosha, ila haina nafasi ya kuteleza, kwa hiyo wiki ya 12 ndiyo yako. Nafasi ya mtihani usiilipie leo. Subiri mwisho wa wiki ya tatu, ukiwa umeona kama ratiba inashika. Siku hiyo hakikisha jina unaloandika linalingana herufi kwa herufi na la pasipoti au kitambulisho utakachotumia.

Kuhusu jaribio zima: lifanye mapema, lakini si leo. Wengi wanashauri lifanyike siku ya kwanza kabisa, na kwa mtu anayeanza GRE kwa mara ya kwanza nakubaliana nao. Kwako wewe, jaribio la leo litachanganya mambo mawili, kutu itakayotoka ndani ya siku chache na mapengo halisi, na kwenye matokeo hutaweza kuyatenganisha. Jipe jioni nne kwanza. Jioni ya kwanza ni sehemu, desimali na asilimia. Ya pili, vipeo na vipeuo. Ya tatu, milinganyo na uwiano. Ya nne ni ya lugha, vifungu viwili vya kusoma na sentensi 15 za kujaza nafasi. Kila jioni ya hesabu tatua maswali 20 mepesi, bila saa na bila kikokotoo. Mtihani una kikokotoo cha kwenye skrini, lakini kukibofya kwa kipanya ni kazi ya polepole, na mtu aliyezoea kukikimbilia kwa 15 mara 12 hupoteza sekunde ambazo baadaye atazililia.

Jioni hizo usifungue madaftari ya zamani kuyasoma. Hapa nasisitiza, kwa sababu ndipo watu wengi wanaorudi masomoni wanapozama. Kusoma upya kurasa ulizoandika mwenyewe kunaleta hisia tamu ya "aa, hili nalijua", na hisia hiyo inadanganya. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na waliokisoma kisha wakajipima kwa kukikumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio walikumbuka zaidi. Daftari lako litumie kama jibu la kusahihishia: chukua swali, funika utatuzi, tatua kwenye karatasi tupu, ndipo ufunue. Ukikwama mstari wa pili, funua mstari wa pili tu.

Jumamosi ya wiki ya kwanza fanya jaribio zima. ETS inatoa majaribio mawili ya bure kwenye kompyuta, Powerprep Online, na sasa yanafuata mfumo mfupi. Kama mwaka 2023 ulitumia mojawapo ya hayo, lirudie hilohilo. Huenda ukakutana na maswali uliyowahi kuyaona, kwa hiyo alama itakayotoka isikuvimbishe kichwa. Lile ambalo hujaligusa lifunge hadi wiki ya 10, maana ukishalifanya huwezi tena kulifanya kwa macho mapya. Kaa mfululizo, simu iwe chumba kingine, na insha uiandike. Kila swali ambalo hukuwa na uhakika nalo, lipatie au likosee, weka nukta kwenye karatasi.

Ukimaliza, utatamani kwenda moja kwa moja kwenye majibu sahihi. Usiende. Pumzika nusu saa, kisha rudia maswali yote yenye nukta na yote uliyokosa, bila saa, na bila kuona jibu wala maelezo. Ndipo uyagawe. Kuna uliyopata kwa uhakika na kwa wakati, hayo yaache. Kuna uliyopata kwa kubahatisha au kwa kutumia dakika nne, na hayo hatari yake ni kwamba yanajificha ndani ya alama nzuri. Kuna uliyokosa lakini bila saa umeyapata mwenyewe. Hiyo ni kutu na haraka, dawa yake ni mazoezi ya kasi. Na kuna ambayo hata bila saa hujui pa kuanzia. Fungu hili la mwisho ndilo pengo, na ndilo pekee linalokupa sababu ya kufungua sura ya kitabu na kuisoma kama mwanafunzi mpya.

Pengine alama za siku hiyo zitakuwa chini ya 158 na 151. Usizisome kama hukumu. Alama za mtihani huu hupanda na kushuka kwa pointi mbili hivi hata mtu asipojifunza chochote kipya, na wewe una kutu juu yake. Kinachopaswa kukushughulisha ni ukubwa wa fungu la mwisho. Mtu mwenye 154 ambaye fungu lake kubwa ni la kutu yuko karibu na 163 kuliko mwenye 157 ambaye fungu lake kubwa ni la mapengo.

Anza daftari jipya la makosa, moja tu. Kila kosa liwe na mambo manne: swali limetoka wapi, nilifikiri nini, kwa nini fikra hiyo haikufaa, na nikiona nini siku nyingine nifanye nini. Jambo la nne ndilo lenye thamani. Chukua swali la kulinganisha viwango viwili. Kiasi A ni x², Kiasi B ni x, na sharti pekee ni kwamba x ni kubwa kuliko sifuri. Mwanafunzi anaweka 2, anapata 4 dhidi ya 2, anachagua kwamba A ni kikubwa, na anakosa. Akiandika daftarini "kosa la uzembe, niwe makini", hajaandika kitu, na mwezi ujao atalirudia. Maandishi yanayofaa ni haya: "Nilijaribu namba nzima kubwa kuliko 1 peke yake. Kwa 1 viko sawa, kwa nusu x² ni robo, yaani ndogo kuliko x. Jibu: haiwezekani kujua. Nikiona herufi isiyo na sharti la kuwa namba nzima, najaribu 1, sehemu iliyo kati ya 0 na 1, na kama sharti linaruhusu, 0 na namba hasi, kabla ya kuchagua." Hiyo ni amri unayoweza kuitii ukiwa na sekunde 90.

Wiki ya 2 hadi ya 6 ni za matengenezo. Jioni ya dakika 90 igawe hivi: dakika 15 za mwanzo tatua upya makosa matatu au manne kutoka daftarini, yale ya siku mbili tatu zilizopita, bila kuangalia maelezo. Dakika 50 zinazofuata ni za mada moja kutoka fungu la mapengo au la kutu. Dakika 25 za mwisho ni za upande wa pili: kama jioni ilikuwa ya hesabu, malizia kwa maneno na kifungu kimoja cha kusoma. Jioni mbili ziwe za hesabu, mbili za lugha. Saa usiiweke bado. Kuweka saa mapema mno kunafundisha kukosea kwa haraka, na mtu aliyezoea kukimbia bila njia huwa mgumu kumrekebisha.

Jumamosi za wiki hizo usisome mada yoyote. Tatua maswali 40 yaliyochanganywa, hesabu na lugha, mepesi na magumu, bila mpangilio wa sura. Ukifanya mazoezi ya sura ya uwiano, kichwa cha sura kimeshakwambia tumia uwiano. Kwenye mtihani hakuna wa kukwambia, na kule kutambua tu kwamba swali hili ni la uwiano lililovaa nguo za swali la mchanganyiko wa vimiminika ni ujuzi wa peke yake, tena ndio unaofifia haraka. Maswali yaliyochanganywa yatakupa alama mbaya kuliko ya sura moja. Vumilia, yanafanya kazi yake.

Jiometri, kwa kuwa ndiyo iliyokusimamisha: kwenye GRE ni sehemu moja tu ya hesabu, pamoja na hesabu za msingi, aljebra na uchambuzi wa data. Pembetatu, duara, pande nne, mistari inayokatana, maumbo yenye ujazo na grafu ya x na y ndiyo mambo makuu. Uthibitisho wa nadharia hauulizwi. Usiipe zaidi ya jioni tatu isipokuwa jaribio lako limesema vingine. Uchambuzi wa data ndio ninaoutilia shaka zaidi kwa mtu anayerudi. Mkengeuko sanifu, uwezekano na kuhesabu mipangilio ni mambo ambayo watu huyakariri bila kuyaelewa, na yaliyokaririwa ndiyo yaliyokwisha kuondoka.

Kadi 900. Usizifute, na usijaribu kuzimaliza wikendi moja. Weka kikomo cha kadi 60 kwa siku, simamisha kuongeza mpya, na zipitie zote mara moja tu. Zitakwisha kwa siku 15. Kila kadi ipe sekunde tano. Neno unalolikumbuka baada ya muda wote huu bila kurudia limeshakuwa lako, litoe kwenye mzunguko kabisa. Usilolikumbuka lihamishie kwenye fungu jipya. Tuseme yatabaki 400. Ukijifunza 12 kwa siku utahitaji siku 34 hivi, ambazo unazo. Safari hii usiandike maana peke yake nyuma ya kadi. Andika sentensi yenye neno hilo na nafasi tupu mahali pake, kwa sababu mtihani unauliza neno ndani ya sentensi, haukuulizi fasili. Angalia pia maneno ya kawaida yenye maana ya pili: qualify kwenye vifungu vya GRE mara nyingi ni kuipunguzia kauli makali, kuiwekea mipaka. Kadi ya harakaharaka hukupa maana ya kwanza tu, na chaguo la kukutega limejengwa juu ya hiyohiyo.

Kwenye maswali ya kujaza nafasi yenye matundu mawili au matatu, kumbuka hakuna alama za nusu; ukikosa tundu moja umekosa swali zima. Anza na tundu lenye ushahidi mwingi zaidi kwenye sentensi, ambalo mara nyingi si la kwanza. Tafuta neno lako mwenyewe kabla ya kutazama machaguo. Mtu anayerudi akiwa na msamiati uliopungua huelekea kuyatazama machaguo kwanza na kuvutwa na neno analolifahamu, na hapo ndipo alama za lugha zinapovuja.

Wiki ya 7 hadi ya 9, lete saa. Fanya sehemu nzima, si maswali mojamoja: 12 kwa 21, 15 kwa 26, 12 kwa 18, 15 kwa 23. Jioni moja sehemu mbili na masahihisho yake zinatosha. Jizoeze kuacha. Ndani ya sehemu unaruhusiwa kuruka swali, kuliwekea alama na kulirudia, na jibu lisilo sahihi halipunguzi kitu. Dakika mbili na nusu zikipita hujaona njia, chagua chochote, weka alama, songa. Usiache swali lolote tupu. Katika wiki hizi alama za mazoezi hushuka kwa siku kadhaa kwa sababu ya saa. Ndiyo maana nimeziweka tatu na si moja.

Insha isikule muda. Orodha yote ya mada za insha hiyo ETS imeiweka wazi, kila mtu anaweza kuisoma. Andika moja kila baada ya wiki mbili kuanzia wiki ya 2, kisha moja kwa wiki kuanzia wiki ya 8, dakika 30 kamili, kwenye kihariri kisichosahihisha tahajia wala sarufi, kwa kuwa cha mtihani hakisahihishi. Dakika tano za mwanzo ziwe za kupanga msimamo na mifano miwili. Dakika tatu za mwisho za kusoma ulichoandika.

Jumamosi ya wiki ya 10 fungua lile jaribio ulilolihifadhi. Ya wiki ya 11 fanya jingine, la kulipia kutoka ETS ikiwezekana. Ukitumia la kampuni nyingine, lichukue kama zoezi la muda na uvumilivu. Alama zake usizifanye utabiri. Masahihisho yafanywe Jumapili au Jumatatu kwa utaratibu uleule wa mafungu, na kila jaribio lichukue muda mrefu zaidi kwenye kusahihishwa kuliko kwenye kufanywa.

Nabaki na kilichokuondoa mara ya kwanza, kwa sababu kitarudi. Hukuacha GRE kwa sababu ya ugumu. Ulikosa wiki moja, mpango haukuwa na namna ya kupokea wiki iliyokosekana, ukaiona kama deni, deni likakua, ukaliogopa. Kwa hiyo weka kanuni mbili leo, ziandike ukurasa wa kwanza wa daftari la makosa. Ya kwanza: jioni iliyopotea haifidiwi. Kesho unafanya kazi ya kesho, na mada iliyorukwa itaibuka yenyewe kwenye maswali mchanganyiko ya Jumamosi. Ya pili: siku mbaya ina kiwango chake cha chini, dakika 15, makosa matatu kutoka daftarini na kadi 20, hata kama ni kwenye kiti cha basi. Zamu zikibadilika tena, wiki nzima iende kwa kiwango hicho cha chini. Haitakuongezea alama, lakini Jumatatu inayofuata utakuwa unaendelea, hutakuwa unaanza.

Ikifika wiki ya 11 na majaribio yote mawili yako chini ya lengo kwa pointi nne au zaidi upande mmoja, fanya uamuzi kabla ya muda wa kubadilisha tarehe kupita: mabadiliko yanatakiwa yafanywe si chini ya siku 4 kabla ya mtihani, bila kuhesabu siku ya mtihani wala siku unayoomba, vinginevyo ada imekwenda. Kwa hali yako ningependelea ufanye wiki ya 12 hata ukiwa chini kidogo, kwa sababu unayo nafasi ya kurudia wiki ya 15, vyuo utavitumia matokeo utakayoyachagua mwenyewe, na wiki tatu za kusahihisha baada ya mtihani halisi zina faida kuliko wiki tatu za kuusubiri. Ukiwa chini kwa pointi sita au saba, sogeza tarehe hadi wiki ya 14 na ukubali kwamba itakuwa mara moja tu.

Mshauri